Jani Mdomoni mwa Kafedha

Kwa maneno, Kafedha hakuwa na mpinzani Mishomoroni nzima. Alikuamkia ukiwa bado mbali, akakuuliza habari za watoto, za mbuzi na za mume, na ukimwambia mume yuko salama, alitaka kujua ni salama ya namna gani. Nyumba yangu ilikuwa katikati ya yake na ya shoga yake Mahfoudha, mke wa Salem mwenye duka, kwa hiyo masikio yangu hayakujua mapumziko. Nilimpenda, wallahi, lakini alichosha.

Kazi yake ilikuwa kuchimba mizizi. Ukimwita mganga alikasirika. "Mimi sipigi ramli, Khairiya," aliniambia. "Mimi najua miti, basi." Na miti aliijua. Mtoto anayeharisha alimchemshia majani machanga ya mpera. Mwenye mafua alimfunika blanketi juu ya chungu cha kivumbasi na mchaichai, mtu akatoka humo akitiririka jasho na pua zimezibuka. Mwarobaini ulikuwa wa homa, na alikusimamia mpaka umalize kikombe, huku ukimlaani kimoyomoyo. Aliyetapika damu au kuvunjika mfupa hakumgusa. Huyo alimwambia aende hospitali, tena siku ile ile.

Ila mizizi ilikuwa na adabu yake, ambayo Kafedha aliirithi kwa nyanya yake wa Kigiriama. Ukishaing'oa, usiseme neno mpaka iingie chunguni. Dawa ikisikia porojo za njiani, alisema, hufika imechoka. Na kwa kuwa aliujua ulimi wake, aling'ata jani kati ya midomo tangu vichaka vya Mwakirunge mpaka mlangoni kwa mgonjwa. Sisi tulizoea. Ukimwona na jani unampisha, na unamshukuru Mungu kwa kile kimya.

Jani hilo ndilo lililomkosanisha na Mahfoudha. Ilikuwa mwaka wa sitini, alipofariki Bi Salme, mamake Mahfoudha. Bi Salme alimpenda Kafedha kama bintiye, na kifua chake kilipobana ni Kafedha aliyekuwa akimfukiza. Asubuhi ile vilio ndiyo kwanza vimeanza, Kafedha akatokea njiani, mizizi begani, jani mdomoni. Mahfoudha alikuwa mlangoni, akamwita kwa jina. Kafedha akasimama, machozi yakamtoka. Kisha akapita bila neno, akashika njia ya kwa Nafula, mke wa kuli mmoja wa bandarini, ambaye kichanga chake kilikuwa kikiungua kwa homa. Alipokwisha kuitia dawa chunguni alirudi mbio kuja kuhani. Mahfoudha aligeuza uso ukutani.

"Ati jani la mti lanizidi mimi?" Mahfoudha aliniambia. "Mamangu maiti ndani, nami namwita, apita kama hanijui! Basi hatalisikia tena neno langu."

Na kweli hakulisikia. Kila asubuhi Kafedha alimwamkia, na kila asubuhi salamu ilianguka chini. Mimi nikageuzwa posta. Mahfoudha akikohoa, Kafedha alinipa kivumbasi. "Mpelekee, sema ni chako." Mahfoudha alikijua kilikotoka, akajifukiza nacho, akanishukuru mimi. Kafedha alikuwa akija kwangu kupiga soga, na sauti ya Mahfoudha ikisikika ukutani, alinyamaza katikati ya neno. Mwanamke yule kunyamaza! Iliniuma kuliko kelele zake zote.

Mwaka wa uhuru, wakati watu wakishona vibendera vya kupeperusha, niliteleza kisimani, goti likanivimba kama papai. Kafedha alilifunga kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto, akasema bila supu ya mizizi ya mjafari maumivu hayatoki. Akaondoka alfajiri kwenda kuichimba.

Yaliyotokea njiani walinihadithia wote wawili, kila mmoja akimkata mwenzake. Kafedha alikuwa akirudi, amekaribia nyumbani, akamwona Mahfoudha anakuja. Mahfoudha alimwona, na jani aliliona vizuri. Akasimama mbele yake.

"Kafedha," akasema. "Hujambo, shoga yangu?"

Miaka mitatu aliitaka salamu ile, nayo imekuja wakati huo! Nilimuuliza Mahfoudha kwa nini hakungoja afike. "Nilitaka kujua," alinijibu, na macho akayashusha.

Kafedha alilitoa jani mdomoni. "Sijambo," akasema. "Sijambo, Mahfoudha. Pole kwa mama. Pole, mwenzangu, pole." Na yote aliyokuwa ameyafungia moyoni yakamwagika, wakashikana na kulia katikati ya njia, mizizi yangu imelala vumbini.

"Na siku ile?" Mahfoudha akauliza.

"Siku ile kilikuwa kichanga. Ningepita hata leo, sikufichi. Lakini leo ni goti la Khairiya, na goti la Khairiya litangoja."

"Najua," Mahfoudha akasema. "Kale katoto ka Nafula nilikuja kukaona dukani, kaja kununua peremende. Nimejua zamani. Ni kurudi tu kulikonishinda."

Kafedha akajipangusa uso, akaitazama ile mizizi. Ilikuwa imeshasikia mengi, haifai tena. Akageuza njia kurudi Mwakirunge, na Mahfoudha, ambaye hakuwahi kushika jembe maishani, akamfuata.

Mimi nilikuwa nimekaa barazani toka asubuhi, mguu nimeunyoosha, nikimsema Kafedha kwa kila aliyepita. Jua lilikuwa linateremka nilipowaona. Kafedha mbele na mizizi begani. Nyuma yake Mahfoudha, vumbi mpaka magotini, jembe mkononi. Na yeye pia ameng'ata jani.

Niliwaita. Hakuna aliyenijibu. Nikaanza kulia, wala si kwa goti.

Waliingia jikoni kimya, wakasuuza mizizi, wakaitia chunguni. Majani yakatoka midomoni, wakaanza kusema wote kwa pamoja, mpaka supu ikachemka, ikapungua, ikakaribia kuungua, na hakuna aliyenipa nafasi ya kusema kwamba goti linaniuma.