Majibu ya Kidole Tumbo

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji cha Kisiwani, miaka ile watu wa bondeni walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, tumbo liliponianza. Lilikuwa linauma chini, upande wa kulia, linapoa, halafu linarudi. Mganga wa zahanati, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipa dawa ya minyoo. Niliporudi akanipa klorokwini. Mara ya tatu hakuniinulia hata macho.

"Mwalimu, hilo ni chango la uzazi. Zaa, litakwisha."

"Nimeshazaa wanne, mzee. Nizae wangapi?"

Akaniandikia klorokwini tena.

Siku nilipoanguka mbele ya ubao, mume wangu alinipakia kwenye lori la kijiji lililokuwa likipanda milimani kuchukua ndizi. Kila shimo la barabara ile nililisikia tumboni. Katika hospitali ya misheni, daktari kijana, hajamaliza hata mwaka tangu atoke masomoni, alinipasua jioni ileile. Siku ya tatu alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwalimu, kidole tumbo chako kilikuwa kimevimba, nimekitoa. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu kigumu, cha manjano, kikubwa kuliko gololi. Sikukipenda. Nimekituma Dar es Salaam kikaangaliwe kwa darubini."

"Ni saratani?"

"Sijui. Majibu yakija tutajua. Njoo baada ya mwezi."

Ninamheshimu mpaka leo kwa lile neno "sijui."

Baada ya mwezi nilipanda. Karani wa masijala akasema, "Bado." Mwezi wa pili, bado. Mwezi wa tatu alitikisa kichwa hata kabla sijafika dirishani. Wa nne nikaambiwa yule daktari amehamishwa, na majibu bado.

Nyumbani mume wangu alikuwa amechoka na safari zangu. "Tumbo linauma?"

"Haliumi."

"Sasa unatafuta nini? Mtu akishapona anaufuata ugonjwa?"

Kwenye shamba la kijiji nako walisema mwalimu anakwepa jembe kwa kisingizio cha hospitali. Nikaanza kujishuku mwenyewe. Hata hivyo, nilipokuwa nikisahihisha madaftari, mkono wa kushoto ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kovu, unabonyeza, unatafuta.

Mwezi wa saba nilimwambia karani kwamba siondoki. Akavuta droo, akapekua kwa hasira. "Jina lako halimo, Mwalimu. Nifanyeje?"

Muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa anapita. Akasimama. "Umeolewa na nani, mwanangu?"

Nilimtajia. Akazunguka dirisha, akafungua droo ya jirani, akatoka na bahasha. Siku ya kupasuliwa nililazwa kwa jina la baba yangu, lakini daktari, kwa kuwa mume wangu ndiye aliyenileta, alituma kile kinyama kwa jina la mume. Muhuri ulionyesha kuwa majibu yalifika mwezi wa pili tangu nipasuliwe. Yalikaa miezi mitano karibu kabisa na mkono wa yule aliyeniambia "bado."

"Bahati mbaya, Mwalimu," karani akasema.

"Si bahati. Ni kazi yako!" Nikalia palepale mbele za watu, na machozi yenyewe yakanizidishia hasira.

Daktari mpya alisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa saratani, ya aina inayokwenda polepole. Lakini ilikuwa kubwa, na ilikuwa imefika kwenye shina, pale kidole kinaposhikana na utumbo mpana. Ilibidi nipasuliwe tena, utumbo wa upande wa kulia ukatwe pamoja na tezi zake, ambamo saratani huanza kuenea.

"Ingefaa upasuaji huo uwe umeshafanyika," alisema, macho yakiwa mezani.

Nilipelekwa hospitali kubwa ya Moshi, nikapasuliwa. Nilipozinduka mume wangu alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Nisamehe, mke wangu. Nilidhani ni woga tu."

Sikuwa na nguvu za kumsamehe wala za kumgombeza. Niligeukia ukuta.

Nilipopewa ruhusa sikurudi Kisiwani. Nilikaa kwa shangazi yangu palepale Moshi, na kila asubuhi nilikwenda kuketi kwenye benchi la masijala, nimeandika majina yangu yote mawili kwenye karatasi. Wiki ya tatu majibu yakaja. Tezi moja ilikuwa imeguswa na ugonjwa, nyingine zote safi.

"Hiyo moja," nilimwuliza daktari bingwa, "iliguswa kabla ya upasuaji wa kwanza, au katika ile miezi niliyokuwa nikiambiwa bado?"

"Mwalimu, hilo hakuna anayeweza kulijua."

Ugonjwa haukurudi. Nilifundisha mpaka nikastaafu, na wajukuu ninao. Watu huniambia nishukuru, nami nashukuru kweli, kanisani na nyumbani. Lakini swali lile halijapata jibu, na mpaka leo linanikera.