Sukuma Inayong'aa

Niko na sukuma wiki kwa sinki na ninaiogopa.

Asubuhi nilipita kibanda cha Mama Wangui, huko Endarasha. Yeye huuza mboga zao wenyewe, shamba liko hapo tu nyuma.

Akanipea fungu limetobolewa na wadudu kama chujio.

Nikajiambia, ati kwa sababu natoka Nyeri mjini, huyu anaona sijui mboga? Ananipea takataka!

Nikalirudisha. Nikachagua lingine, majani mapana, yanang'aa, hakuna hata shimo moja.

Mama Wangui akaniangalia. "Uko na uhakika?"

"Kabisa." Tena nikasema na kiburi.

Hapo mama mkwe wake akatoka kwa nyumba na sufuria, akitaka mboga ya mchana. Mama Wangui akampea lile fungu la mashimo. Lile langu!

Nikauliza, "Kwani nyinyi hamkuli hii nzuri?"

"Hiyo ni ya soko, tunaipigia dawa ya wadudu. Ya kwetu hatupigi. Nilikuwa nimekugawia hiyo yetu."

Nikaona aibu kurudisha mara ya pili.

Sasa niambieni, nipike ama nitupe?

Nimeosha mara tatu.

Bado inang'aa.