Siku Roho Yangu Iliposuuzika

Ninayo kaunta buku yenye jalada la bluu ambamo huandika maneno ya furaha kubwa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine niliyapata kwenye kamusi kuukuu niliyonunua mnadani, na kwa kusikiliza watu. Kila neno lina mistari mitatu chini yake: nani alilisema, wapi, na kitu gani kilimfurahisha. Bila mstari wa tatu neno haliingii. Mtu akiniambia ana furaha isiyo kifani na sijui imetoka wapi, namwacha nayo.

Ukurasa wa kwanza una shangwe, nderemo, hoihoi na vifijo. Hayo ni maneno ya watu wengi kwa pamoja; hakuna anayepiga hoihoi peke yake jikoni. Inafuata bashasha, ambayo hukaa usoni. Kububujika furaha nilikusikia kanisani, kwa mama aliyekuwa akitoa ushuhuda wa kupona. Kuchekelea ni kucheka kwa chini na kwa muda mrefu, na mara nyingi pembeni kuna mwingine analia. Halafu kuna neno nililopewa na mwalimu wa kike kutoka Tanga, aliyekaa kwetu Nyarero miaka minne. Siku barua yake ya uhamisho ilipofika alisimama barabarani, akaikunja mara mbili, akaniambia, "Kaka, leo roho yangu imesuuzika." Yaani imeoshwa, ikasuuzwa kama sufuria, masizi yote yameondoka. Masizi tulikuwa sisi. Niliandika neno lake, wala sikumsindikiza stendi.

Sikujua kwamba siku moja nitalihitaji mwenyewe.

Jirani yangu wa upande wa magharibi na mimi tumerithi ugomvi wa mpaka kutoka kwa baba zetu. Katikati yetu kuna ua wa katani ambao kila mmoja husema umesogea. Yeye alikwenda kwenye mashimo ya dhahabu Matongo, akakaa huko misimu kadhaa, akarudi na pikipiki na spika kubwa. Kisha akaezeka nyumba yake kwa bati la msauzi, lile la kisasa lenye migongo kama vigae, rangi ya maruni. Siku ya kuizindua alialika kitongoji kizima isipokuwa mimi, na spika akaielekeza kwenye mlango wangu. Nyumba yangu ni ya nyasi.

"Profesa wa nyasi!" aliita juu ya ua, wageni wakisikiliza. "Vitabu vyako havinyeshewi? Ukitaka kivuli, uje uombe, bwana!"

Wageni walicheka. Mama yangu, ambaye tayari alikuwa mgonjwa wa kulala, aliniuliza wanacheka nini. Nikamwambia jirani amefurahi.

Wiki ya pili yake, alasiri moja, upepo ulitangulia mvua. Nilisikia misumari kwanza, ikitoka mmoja mmoja. Fundi wake alikuwa ametumia misumari mifupi. Paa lilifunuka upande mmoja kama kifuniko, likasimama, likaezuliwa lote. Mabati matatu yaliruka ua yakaangukia mihogo yangu. Hakuna aliyeumia.

Nitaeleza nilichofanya kama ambavyo ningeeleza cha mtu mwingine. Nilisimama mlangoni. Nilicheka nikiwa nimefumba mdomo, mabega yakitikisika, machozi yakitoka. Kisha niliingia ndani, nikachukua kiti, nikakiweka nje kwenye manyunyu, nikaketi. Nilikaa hapo mpaka bati la mwisho lilipotulia. Nilipitia ukurasa wote kichwani na neno lililobaki lilikuwa la yule mwalimu.

Mke wa jirani alikuwa uani akiokoa godoro. Alikiona kiti.

Kwetu kuna ritongo, mkutano wa wanaume wa kitongoji ambao huamua kesi kabla hazijafika kwa mtendaji. Unafanyika Jumamosi penye josho la ng'ombe. Katibu wake ni mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Jumamosi hiyo niliandika tarehe, nikaandika jina la mlalamikaji, halafu nikaandika langu.

"Simdai upepo," jirani alisema. "Upepo ni wa Mungu, labda. Mimi namdai kiti."

Watu waliguna.

"Mtu wa kawaida akiona nyumba ya jirani inaezuliwa, anakimbilia kamba, anakimbilia watoto. Huyu alikimbilia kiti! Alijuaje kuna cha kutazama?"

Swali hilo kwetu si mzaha. Anayefurahia hasara ya mwenzake hudhaniwa kuwa ndiye aliyeituma, na adhabu yake ni kutengwa. Hakuna wa kukuazima ng'ombe wa kulimia wala kukupa kaa la moto, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Mama alikuwa amefikia kunywa uji vijiko vitatu kwa siku. Kulima ningelima kwa jembe la mkono. Niliangalia ile mikono yangu miwili juu ya daftari na kufikiria ardhi yetu ilivyo ngumu wakati wa kiangazi.

Mwenyekiti ni mzee aliyechunga pamoja na baba yangu. Alitaka kunifungulia njia.

"Kiti kinaletwa kwa sababu nyingi. Katibu, miguu ilikuuma?"

"Shikamoo mzee. Haikuuma."

"Ulishtuka, nguvu zikakuisha?"

"Hapana, mzee."

"Basi ulitabasamu. Binadamu anatabasamu. Andika hapo, alitabasamu kidogo, tumalize, jua linatuchoma."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kwa miaka kumi na moja nimeandika kesi za watu hawa. Aliyeiba mbuzi wawili sijamwandikia mmoja, na aliyempiga mkewe sijaandika kwamba alimsukuma. Wote walikuwa wakinitazama, na mke wa jirani alikuwa amekiona kiti. Niliandika, kisha nikasoma kwa sauti: "Mlalamikiwa anakiri kwamba alipoona paa likiruka, roho yake ilisuuzika. Anakana kutuma upepo."

"Kusuuzika ndiyo nini?" aliuliza mmoja.

Nikaeleza habari ya sufuria na masizi. Mtu mmoja nyuma alicheka, aliyeketi kando yake akampiga kofi la kisogo. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyemwona ng'ombe wake mwenyewe akiingia mtoni.

Wazee walikwenda nyuma ya josho, wakarudi. Nitengwe mpaka mavuno yapite, ndipo nilete ng'ombe wa utakaso. Mwenyekiti akasema, "Andika."

Niliandika hukumu yangu kwa mwandiko uleule. Utaratibu ni kwamba mwishoni katibu huonyesha kila upande umeipokeaje. Kwa kawaida huwa naandika "ameridhika." Nikainua macho nimwone mlalamikaji.

Alikuwa amevuta ndoo iliyokuwa kando ya josho, ameigeuza chini juu, ameketi, amenielekea. Alikuwa amefumba mdomo. Mabega yalikuwa yakitikisika na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Soma tufunge," alisema mwenyekiti.

Nikasoma: "Mlalamikiwa ameipokea hukumu. Mlalamikaji amevuta ndoo, ameketi kumtazama mlalamikiwa akiandika. Roho yake imesuuzika."

Vichwa vyote viligeuka. Alisimama haraka, lakini alisimama huku akifuta macho, na ndoo ikaanguka ikabingirika.

"Ee!" alisema yule aliyepigwa kofi. "Na huyu alijuaje kuna cha kutazama?"

"Ni tofauti!" jirani alifoka. "Mimi nina haki!"

"Mwenzako ana mama kitandani," mwenyekiti alisema taratibu. "Unajua maana ya hukumu hii kwake. Unajua, ndiyo maana uliketi."

Wazee walirudi nyuma ya josho, na safari hii hawakukawia. "Hawa wamesuuzwa kwa maji mamoja, na maji yenyewe machafu. Kila mmoja alete mbuzi. Hatengwi mtu."

Nikakata mistari ya kwanza, nikaandika mipya. Alipopita karibu yangu jirani alitema mate kando ya kiatu changu.

"Profesa, kalamu yako ni panga."

"Okota ndoo ya watu," nikamwambia.

Mama alifariki mwezi uliofuata. Jirani alikuja na jembe, kama ritongo inavyotaka, akaingia kaburini na kuchimba mpaka udongo ukamfika kifuani. Hakunipa pole. Nilisimama ukingoni wakati wote nikimtazama usoni, kalamu ikiwa mfukoni mwa shati. Alijua ninachotafuta. Aliukaza uso kama gogo, tangu jembe la kwanza hadi udongo uliporudishwa, na mimi sikupata kitu cha kuandika.

Ameezeka upya, kwa misumari mirefu. Hatusalimiani hadi leo. Upepo ukianza, natoka mlangoni, naye anatoka kwake kuhakikisha kama nimesimama au nimeketi. Nasimama. Kiti nakiacha ndani.