Mahindi Juu ya Baba

Mama aliniomba jambo moja tu: akifa, azikwe ubavuni pa baba, kule kwetu Mkongo. Mimi ndiye mwanawe mkubwa. Nikaitikia, "Inshallah, mama," utadhani najua baba alipo.

Sikujua. Mafuriko yalipita juu ya makaburi, mto ukaacha tope la kufika kiunoni. Kaburi la baba tulilitia vijiti viwili, kichwani na miguuni, maana kwetu kujengea saruji ni kujikweza. Vikaenda na maji. Na tope lile jeusi, nani angeliacha? Maji yakishuka sisi hupanda mlau, mahindi ya kwenye unyevu. Nikapanda. Mimi huyu, kwa mikono yangu, wala sikujiuliza nimesimama wapi. Yalistawi, wallahi, na tukayala.

Siku moja kwenye simu nikaona wataalamu huko Misri wamefungua kaburi la mfalme. Maelfu ya miaka, jamani! Jina lake lipo ukutani, makubazi yake yapo, mpaka mikate aliyowekewa. Wanapangusa mchanga kwa brashi, taratibu. Nilisonya kwa wivu. Kisha, mjinga mimi, nikamwonyesha mama nikidhani nitamchangamsha.

Alitazama mpaka mwisho. "Huyo ana ndugu waliobaki?"

"Hana, mama. Walikwisha zamani."

"Na wamemwona." Akanirudishia simu. "Kesho nipeleke kwa baba yako."

Nikampeleka. Nilizunguka katikati ya mabua nikijifanya napima hatua, huku mama ananifuata na fimbo yake, anahema. Niliona haya. Nikasimama popote tu, nikasema, "Hapa."

Akaketi chini, akasoma Fatiha. Akaanza kumsimulia baba habari za wajukuu, mmoja mmoja, na nani amefaulu, na nani mtundu. Nilitaka kumwambia. Lakini yeye alikuwa anacheka.

Mwaka huu tumemzika palepale nilipomwonyesha. Shemeji yangu ndiye aliyeshuka shimoni kuchonga mwanandani, kile kishimo cha ndani cha kumlaza maiti. Akagonga ukuta wa kulia, akagonga wa kushoto, akainua uso.

"Shemeji, huku hakuna mtu. Udongo huu haujapata kuguswa."

Watu wote walikuwa wanasikia, na jeneza limeshafika.

"Chimba," nikamwambia.