Chungu Chako, Mboga ya Mtu

Alfajiri hiyo nilitoka Msasani ya Tukuyu bila kujua ninakwenda wapi. Ukungu ulikuwa bado chini, na begi langu lilikuwa na nguo chache, pedi za gemu na kompyuta. Nilipofika barabara kuu nilishika upande ambao sikuwa na mtu wa kunisalimia kwa jina.

Nilikuwa nimekaa hapo miezi kadhaa kwa mama mmoja mfanyabiashara. Alinunua ndizi na maparachichi kutoka Lupepo, na mimi alinipa kona ya duka lake nichezeshe vijana gemu kwa malipo. Mama huyo alikuwa na desturi moja. Mzigo ukiletwa, kabla hajagusa hata parachichi moja, aliuliza: shamba la nani? Aliyebabaika alirudi na gunia lake. Huku kwetu maparachichi yanaibwa yakiwa mtini, na yeye alikuwa radhi kufunga duka kuliko kuuza jasho la mtu.

Siku ya kwanza, nilipounganisha kompyuta na televisheni, aliniuliza vilevile. Hizi gemu ni za nani?

Niliacha shule kidato cha pili, lakini nasoma kila ninachokikuta. Nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za emuleta, ile programu inayoifanya kompyuta ya kawaida ijifanye mashine ya gemu. Nilijua kwamba mahakama za Marekani ziliwahi kuwaachia watu waliotengeneza programu ya namna hiyo. Nilijua pia kwamba gemu zenyewe zina wenyewe, kuzinakili bila ruhusa ni kosa, na kwamba wengine walioshtakiwa walikubali kulipa na kufunga kazi. Zangu zote nilizipakua bure. Nikamjibu nusu.

"Mahakama ilishasema hii ni halali, mama."

Akaridhika. Baadaye nilimsikia akiwaambia majirani kwamba kijana wake ameichunguza sheria.

Kisha akaja mwalimu wa sekondari, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka Mtwara, kununua ndizi. Mama akamrudia maneno yangu kwa fahari, mbele ya wateja. Mwalimu aliitazama skrini, akauliza gemu zilinunuliwa wapi. Mimi nikainama, nikajifanya natengeneza waya.

"Mama," akasema taratibu, "chungu ni chako, lakini mboga ni ya mtu."

"Kumbe tunalishwa mboga ya wizi," akadakia mmoja wa waliokuwa wakicheza, wenzake wakacheka.

Mama hakucheka. Akanigeukia.

"Mwanangu, ulilijua hili?"

"Hapana, mama."

Akamwambia mwalimu, "Umsamehe. Hakusoma sana."

Akazima televisheni kwa mkono wake. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, na hilo ndilo lililonishinda. Mimi ninayependa kuonekana najua nilijificha nyuma ya shule niliyoikimbia, na yeye, ambaye jina lake ndilo lililochafuka, akanisitiri. Alfajiri niliondoka bila kumuaga.

Nilifika Kyimo mchana, mvua ikianza. Nikaelekezwa kwa bibi mmoja mwenye chumba cha uani. Alinikaribisha, akanipangusia kigoda, kisha akaona kompyuta ikichungulia kwenye begi.

"Hiyo ya nani?"

"Yangu, bibi. Ila vilivyomo ndani si vyangu."

Sidhani alielewa ni vitu gani.

"Basi visilale humu," akasema, akaingia jikoni.

Nikakaa kibarazani, mvua ikinirushia matone miguuni, nikaanza kufuta. Nilifuta moja moja, ingawa ningeweza kuzifuta zote kwa mpigo. Nilipomaliza nikamwandikia mama ujumbe wa neno moja: Nilijua.

Jibu halikuja. Bibi alitoka na ufunguo, akauweka juu ya kompyuta, akaniambia godoro liko nyuma ya mlango.