Malkia wa Rangi ya Kucha

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikimaliza shifti ghalani karibu na uwanja wa ndege, narudi Rexdale, hapa Kanada, navua buti, basi. Hata hobi yangu ni ya kochi: naagiza kwa posta tokeni za shaba za wafanyabiashara waliofuata majeshi vitani. Chenji ilikuwa adimu kambini, kwa hiyo mwenye duka alijitengenezea vidude vyenye jina lake, na askari aliyepewa alinunulia mkate au tumbaku kwake tu, si kwa jirani. Mke wangu anaviita vifungo.

Ndiye aliyeniletea habari. Nesi mwenzake ana mama, Ismailia mzaliwa wa Tabora, ambaye babu yake alikuwa na duka kwenye kambi ya askari kule kwetu, na tokeni moja bado ipo. Ya Afrika Mashariki sikuwahi kuiona hata kwa picha. Nikavaa buti siku ya mapumziko.

“Kumbe miguu unayo,” mke wangu akasema.

Nilibadilisha mabasi mpaka Unionville, nimekumbatia kopo la tokeni zangu ili nimringie. Mama alinipa chai, kikombe kikimtetemeka mkononi, akanionyesha katikati ya ubao wa keramu, ule mchezo wa kudonoa kete kwa kidole mpaka ziingie mashimo ya pembeni. “Ndiyo hiyo.”

Malkia, ile kete nyekundu, ilipotea walipohamia Kanada. Marehemu mumewe akachukua tokeni, akaipaka rangi ya kucha. Sisi wakusanyaji shaba hatuifuti hata kwa kitambaa kibichi! Chini ya wekundu nilisoma jina la duka na neno “mkate”. Nusura nilie.

“Mama, niuzie.”

“Malkia hauzwi. Nishinde, uondoke naye. Nikikushinda, tokeni yako moja inabaki kwangu.”

Nilikuwa bingwa wa bweni kidato cha pili. Nilimhurumia kabisa. Basi ile mikono ikagusa kete, ikatulia kama imepigiliwa. Malkia akaingia shimoni, kete nyeupe ikamfuata kama sheria inavyotaka, na mimi sijapasha vidole moto.

“Kijana, huko bwenini ulicheza na nani? Na vitanda?”

Tangu hapo, Jumamosi nikiwa sina kazi, naenda. Tokeni zangu anazitunza kwenye mkebe wa biskuti, na ameanza kuchagua: “Uniletee yenye picha ya chupa, hiyo sina.” Mke wangu huniuliza mlangoni kama nimebakiwa na vifungo vya shati.

Jumamosi iliyopita nilikaribia sana. Ilibaki kete moja, nikapiga kwa hasira, ikagonga ukingo ikarudi. Malkia alikuwa amebanduka rangi upande mmoja, shaba inang'aa. Mama akafungua droo, akanisukumia chupa ya rangi ya kucha.

“Aliyeshindwa anapaka.”

Nikapaka, mimi nisiyeruhusu mtu kupumulia kopo langu. Na nilipaka vizuri, sikuvuka ukingo. Malkia wangu lazima apendeze siku nitakayomchukua.