Mugongo Wangu Nao Ulipata Salongo

Mutoto wangu wa kwanza hakutembea, hakusema, na mikono yake ilikunjika kama jani la ndizi karibu na moto. Lakini kucheka alijua! Majirani wa chini ya kilima walisikia kicheko chake, wakajua kwangu kumekucha. Nilimubeba na kikwembe tangu kuzaliwa. Alipofika miaka kumi nilikuwa ningali ninamubeba, miguu yake inanigonga ku magoti, beseni ya ndizi ku kichwa, ninapanda njia za mulima za kartiye yetu, Kadutu, zenye zinamushinda hata mbuzi. Nani alimubebaka vile? Mimi.

Halafu mugongo ukaanza kulia. Muganga wa dispansere akaniambia wazi: «Maman, usipopumuzika, mutalala wote wawili. Na nani atabeba nani?» Nilipumuzike wapi? Bwana yangu alikuwa ku machimbo ya zahabu kule Mwenga, alikuja mara moja moja kama mvua ya kiangazi.

Wakati ule wa Zaïre kulikuwa salongo, kazi ya lazima. Kila Jumamosi asubuhi kila nyumba inatoa mutu na jembe, tunazibua mifereji ya kartiye, mutaa wetu. Usipokuja, wanakuja kubeba kitu mu nyumba yako. Mimi mutoto nilimuacha na nani? Sikuenda. Wakabeba sufuria yangu, na maharagi ndani.

Jumamosi yenye ilifuata nilienda, mutoto ku mugongo. Shefu wa kartiye alisimama mu abakosi yake, ile koti ya wakubwa ya bila tai, ya kupigwa pasi, pini ya chama cha serikali ku kifua.

«Sitwayene,» akasema, vile serikali iliagiza kuita kila mwananchi, «jembe yako iko wapi?»

«Ni hii,» nikasema. «Inakula, inalia, inakojoa. Sitwayen shefu, shika jembe yangu, mimi nichimbe na ya kwako.»

Nikafungua kikwembe, nikamuwekea mutoto mu mikono.

«Yoo!» bamama wakasema. «Leo huyu atalala mu kasho, mu jela!»

Shefu alikauka kama mutu amepewa chungu cha moto bila kitambaa. Mutoto akamuangalia. Akainasa ile pini na vidole vyake vya kukunjika kama ndoano, akaing'oa, akaitia mu kinywa.

Majembe yote yalisimama. Ile pini haikuwa kitu cha kuchezea. Watu walifungwa kwa maneno madogo kuliko ile. Ndipo muzee mumoja, mwanamuke muuza samaki ya sambaza, akasema: «Shefu, muache! Sisi tunavaa chama, yeye anaikula!»

Shefu akacheka wa kwanza, akaitoa pini mu kinywa cha mutoto. Kisha kilima chote.

Nikachimba. Sikuharakisha hata kidogo. Yeye aliketi ku jiwe, akamugeuza mutoto huku, akamugeuza kule, abakosi ikalowa mate, kisha ikalowa kitu kingine. Salongo ilipoisha hakuniita tena sitwayene.

«Maman, unamubebaka hivi siku yote?»

«Na usiku.»

Akasimama mbele ya watu. «Kuanzia leo, kila Jumamosi bamama wawili kwa zamu, salongo yao ni kukaa na mutoto huyu mupaka jioni mu sale ya mikutano ya kartiye. Ni kazi ya serikali.»

Baba mumoja akanung'unika: «Kulea mutoto wa mutu ni salongo gani?»

«Mufereji unajaa tena kisha ya mvua moja,» nikamujibu, «na unauzibua bila kuuliza. Mugongo wangu ni mubaya kuliko mufereji?»

Akabeba jembe yake, akaenda. Nilienda mupaka ku zone, ofisi ya wakubwa wa shefu, kuomba sabuni na mikeka. Walisema pesa ya kazi kama ile haiko. Sawa. Mikono ya serikali ilishafika, na mimi ndiye niliileta. Wiki kidogo tu, milango ikafunguka: mama mumoja akaleta kijana wake wa kifafa, mwingine binti yake kipofu mwenye alikuwaka anafichwa mu chumba cha nyuma.

Jumamosi yangu ya kwanza, nilipomaliza kuchimba, nilishuka sokoni mugongo mutupu. Nilizoea uzito, nilitembea nimeinama vilevile.

«Maman, umepoteza nini chini?» muuza mihogo akaniuliza.

«Mugongo,» nikamwambia. «Nimeupata sasa hivi.»

Nikanunua muwa, nikaketi, nikautafuna wote, sikufanya kitu kingine. Niliporudi, mutoto alikuwa amekula, na kicheko chake nilikisikia tangu njiani.

Leo ana mvi, na angali anacheka. Wajukuu wangu wote nimewabeba ku mugongo huu. Njoo uutazame: uko wima.